Uzi: Martinus Nijhoff, Mholanzi aliyekwenda kuliona daraja akamsikia mama yake

Abiria wa Behewa la Nne (#1)

Wakuu, salaam. Jukwaa hili la lugha limejaa Shaaban Robert na Kezilahabi, na sina neno. Leo niruhusuni nilete mgeni barazani. Ni Mholanzi, mshairi na mfasiri, jina lake Martinus Nijhoff (itamke "Neihof"). Kazaliwa The Hague tarehe 20 Aprili 1894, kafia hukohuko tarehe 26 Januari 1953. Uzi ni mrefu na nitauleta kwa vipande, maana ninaandika nikiwa kwenye treni.

Kwanza nilivyokutana naye. Naishi Den Bosch, kibarua changu kiko Utrecht, kwa hiyo asubuhi na jioni reli inanivusha mto Waal pale Zaltbommel. Miaka minne nilivuka pale macho kwenye simu. Halafu mwalimu wetu wa Kiholanzi, mama mtu mzima asiyecheka ovyo, akatugawia karatasi yenye mistari 14. Nilidhani ni zoezi la sarufi, kwa sababu maneno yote niliyajua. Yote. Kwa mgeni wa lugha hilo halitokei mara nyingi.

Shairi lenyewe liko hivi. Mtu anakwenda Bommel, ndiyo Zaltbommel hiyohiyo, kuliona daraja. Analiona daraja jipya. Ng'ambo mbili za mto, ambazo zamani zilikuwa kama zimenuniana, sasa zimekuwa majirani tena. Anajilaza nyasini dakika kama kumi, chai yake keshakunywa, kichwa kimejaa ile nchi tambarare isiyo na kikomo. Mara sauti inamfikia mpaka masikio yanavuma. Ni mwanamke. Tishari lake linashuka na mkondo taratibu, linapita chini ya daraja. Yuko peke yake sitahani, kashika usukani, anaimba, na anachoimba ni zaburi. Mshairi anawaza: laiti yule apitaye angekuwa mama yangu. Mstari wa mwisho ni wa mwanamke mwenyewe: Msifu Mungu, mkono wake utakuhifadhi.

Basi, limekwisha. Hakuna fumbo la kumtoa mtu jasho, hakuna msamiati wa kabatini. Daraja ni la kweli: la magari, lilifunguliwa Novemba 1933, na shairi likatoka mwaka uliofuata katika kitabu chake *Nieuwe gedichten*, yaani Mashairi Mapya. Mama yake alikuwa mtu wa dini sana, aliwahi kuwa upande wa Jeshi la Wokovu, na shairi lilipoandikwa alikwishafariki.

Kesho yake asubuhi niliinua macho. Tishari lilikuwa linapita, na sitahani kulikuwa na gari dogo limeegeshwa, nguo zimeanikwa na baiskeli ya mtoto. Watu wanaishi mle, mume na mke na watoto, kazi na nyumba ni chombo kimoja. Kwa hiyo mwanamke wa shairi si malaika aliyeshuka. Alikuwa kazini.

Nitaendelea jioni.

Wakili Asiye na Kesi (#2)

Mkuu, nimeshtuka. Hilo jina nimelibeba mkononi miaka minne Mlimani! Vitabu vya sheria za kimataifa, vile vinene, mgongoni vimeandikwa Martinus Nijhoff. Mimi nilijua ni profesa. Kumbe mshairi?

Abiria wa Behewa la Nne (#3)

Hapana, kaka, huyo wa mgongoni ni babu yake. Babu alianzisha duka la vitabu na uchapishaji The Hague mwaka 1853, baba yake, Wouter, akaendeleza, na mjukuu akapewa jina la babu. Yaani kijana amezaliwa ndani ya karatasi.

Ajabu ni kwamba na yeye alisoma sheria, Amsterdam. Haikumkaa. Mwaka 1916, akiwa na miaka 22, alifanya mambo matatu kwa mkupuo: alitoa kitabu cha kwanza cha mashairi, *De wandelaar* (Mtembezi), akaoa, akapata mtoto wa kiume. Kikafuata kingine 1919, kingine tena 1924. Vizuri vile vya mwanzo, ila mimi vinanichosha kidogo: vimejaa kijana anayejitazama kwenye kioo, wanasesere, huzuni ya usiku. Halafu akanyamaza miaka kumi bila kitabu kikubwa cha mashairi. Katikati ya ukimya huo ndipo alipokuwa akitafsiri sana. Hili lishikeni, nitalirudia.

Na akiwa anaelekea miaka arobaini akarudi chuoni, Utrecht safari hii, kusoma fasihi ya Kiholanzi na vijana wa miaka ishirini. Mtu ambaye mashairi yake yalikuwa tayari yanajulikana.

Dada wa Chumbageni (#4)

Umesema alioa, kisha mke umemwacha mlangoni. Alikuwa nani? Na hilo shairi la tishari linaitwaje? Jina hukulitaja.

Abiria wa Behewa la Nne (#5)

Dada, umenishika pabaya. Jina nililiruka makusudi kwa sababu limenishinda kulitafsiri.

Mke alikuwa Netty Wind, mwandishi mwenyewe. Alitumia jina la A. H. Nijhoff, na riwaya yake *Twee meisjes en ik* ya 1931 ilisomwa sana. Hawakukaa pamoja kwa muda mrefu. Bibi alihamia Ufaransa akaishi na mchoraji Mwingereza, mwanamke, Marlow Moss. Ndoa haikuvunjwa kwa karatasi mpaka 1950. Miaka mingi walikuwa mume na mke waliotenganishwa na mipaka miwili ya nchi, bila ugomvi wa kuwasimulia majirani.

Sasa jina la shairi: *De moeder de vrouw*. Neno kwa neno ni "Mama mwanamke", au "Mama mke", maana kwa Kiholanzi mke na mwanamke ni neno moja. Na mshairi hakuweka hata mkato katikati. Nikamuuliza mwalimu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema "moeder de vrouw" ni msemo wa wanaume wa mtaani wanapomtaja mke aliye nyumbani, kwa utani.

Dada wa Chumbageni (#6)

Mama watoto!

Abiria wa Behewa la Nne (#7)

...

Dada, nimehangaika na neno hilo miezi mitatu.

Bin Mizani (#8)

Hilo limekaa. "Mama watoto" lina mama ndani, lina mke ndani, na lina mume anayetabasamu nyuma yake. Ila ngoja. Ukiliandika hivyo juu ya shairi, msomaji wa Kiswahili atangoja kichekesho, na kinachokuja ni zaburi. Je, kwa Kiholanzi nako wanashtuka hivyo?

Abiria wa Behewa la Nne (#9)

Wanashtuka nusu. Nijhoff ameongeza "De" mbele, kwa hiyo msemo umevaa kanzu: ule utani unasikika kwa mbali, lakini umesimama wima. Ndiyo sababu wanabishana mpaka leo huyo anayelilia ni nani. Mama aliyekufa? Mke aliye Ufaransa? Wote?

Na ubishi haujaisha na mwenyewe. Mwaka 2019 Wiki ya Vitabu ya Uholanzi ilichukua jina la shairi hili kuwa mada ya mwaka. Kisha waliopewa kuandika, kitabu cha zawadi na insha, walikuwa wanaume wawili: Jan Siebelink na Murat Isik. Unaweza kuwaza kelele zilizopigwa. Mama na mke ndio mada, na kalamu zote mbili kashika baba.

Dada wa Chumbageni (#10)

Ningepiga kelele na mimi.

Abiria wa Behewa la Nne (#11)

Jioni imefika, kipande cha pili. Katika kitabu hichohicho cha 1934 kuna shairi refu linaloitwa *Awater*. Joseph Brodsky, Mrusi aliyepata Nobeli 1987, alilihesabu miongoni mwa mashairi makubwa ya karne. Kisa chake ni chepesi mpaka unaona aibu kukisimulia. Mtu amempoteza ndugu yake, anatafuta mwenzake wa safari. Anamwona karani mmoja, Awater, anatoka ofisini saa za kazi zikiisha. Anamfuata: kinyozi, mkahawa, mahali pa kula, kituo cha treni. Hamsemeshi. Kituoni binti wa Jeshi la Wokovu anahubiri, Awater anasimama kusikiliza, na yule anayemfuata anakwenda zake peke yake kuelekea treni ya mbali.

Mmemwona binti wa Jeshi la Wokovu? Nawaachia.

Kuna mahali msimulizi anachungulia anachoandika Awater, na hapo ndipo penye mstari ambao kila Mholanzi aliyekwenda shule anaujua: *Lees maar, er staat niet wat er staat.* Soma tu, kilichoandikwa sicho kilichoandikwa. Watu wanaukata hapo wanaubandika kila mahali, kwenye hotuba, kwenye makala za siasa. Wanausahau unaofuata mara moja: "Ewe mama, hutalivaa kamwe koti la manyoya nililokudundulizia kila senti." Yaani siri iliyofichwa chini ya maandishi haikuwa falsafa. Ilikuwa koti la mama.

Bin Mizani (#12)

Mkuu, tafsiri yako ya mstari ule ina miguu minane. "Kilichoandikwa sicho kilichoandikwa" ni treni ya mizigo. Mholanzi katumia maneno mangapi?

Abiria wa Behewa la Nne (#13)

Manane, na yote mafupi kama kokoto. Tena wao hawasemi "kimeandikwa". Wanasema herufi "zinasimama" kwenye karatasi. Hakisimami kilichosimama. Ukisema hivyo kwa Kiswahili, watu watafikiri unazungumzia nguzo ya umeme.

Kijana wa Kongowea (#14)

Jaribu "Kilichopo sicho kilichopo". Ama "Usomalo silo usomalo", hiyo ya pili ina mdundo.

Bin Mizani (#15)

"Soma, usomalo silo." Nane kwa nane, umemaliza. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Sasa nije kwenye fani, maana wewe Abiria umezunguka hujagusa. Hilo Awater lina vina? Usiniambie ni masivina, nitafunga mlango.

Abiria wa Behewa la Nne (#16)

Usifunge, ndugu yangu, hapa ndipo penye utamu.

Lina vina, lakini vya irabu tu. Limegawanywa mafungu, na kila fungu lina irabu moja inayomaliza mishororo yote kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Fungu la kwanza linaishia "geest", "zweeft", na kuendelea, yote kwa ile "ee" yao ndefu. Konsonanti zinabadilika zitakavyo. Fungu la pili linahamia "aa". Ufundi huu hakuubuni. Aliuchukua kwenye tenzi za kale za Kifaransa, ule wa Roland wa zama za kati, zilizokuwa zikiimbwa hivyo.

Ebu fikirini. Shairi la karani anayekwenda kunyolewa, limevikwa mavazi ya utenzi wa vita.

Bin Mizani (#17)

Irabu tu? Yaani "baba" na "kaka" na "sasa" kwake ni vina vilevile? Kwetu hilo ni guni, mkuu, mwalimu wangu angekurudishia daftari. Kina ni silabi nzima. Hata mtoto wa madrasa anayeghani utenzi anajua "-ba" haikutani na "-sa".

Abiria wa Behewa la Nne (#18)

Ni guni kwetu kwa sababu kwetu karibu kila silabi inaishia irabu, na irabu ni tano tu. Vina vya irabu kwa Kiswahili ni kama kuvua samaki kwenye ndoo. Kwa Kiholanzi maneno mengi yanafungwa na lundo la konsonanti, na irabu ziko nyingi kuliko zetu. Mtu akishikilia "ee" moja fungu zima, sikio halishtuki kwenye kila mshororo. Linashtuka baadaye, kama unapogundua kwamba friji lilikuwa linavuma muda wote. Ndicho alichotaka: lugha ibaki ya mazungumzo, na muziki upite chini kwa chini.

Mwaka 1935 alikwenda mji wa Enschede akawaeleza watu wa kawaida, si maprofesa, jinsi shairi hili lilivyotungwa. Hotuba hiyo bado inasomwa.

Bin Mizani (#19)

Friji nimelikubali. Endelea.

Kibaraza cha Jioni (#20)

Mimi nauliza la mjinga. Uzi unasema "mshairi na mfasiri". Mpaka sasa ni mshairi tu. Ufasiri uko wapi? Au ni zile kazi za pembeni za kutafutia mkate?

Abiria wa Behewa la Nne (#21)

Si la mjinga, na nilisema nitarudi. Ile miaka kumi ya ukimya, 1924 hadi 1934, ndiyo ya *Paludes* ya André Gide (1929), *The Tempest* ya Shakespeare (1930, akaiita *De storm*), na maneno ya mwandishi Ramuz katika *Histoire du soldat* ya mtunzi wa muziki Stravinsky, kile kisa cha askari anayemuuzia shetani fidla yake. Baadaye sana, mwaka 1951, Euripides na *The Cocktail Party* ya T. S. Eliot.

Angalieni hizo kazi: nyingi ni za jukwaani. Maneno ya kutamkwa na mtu aliyesimama mbele ya watu wanaokohoa. Mchezaji hawezi kutamka mshororo uliopambwa mpaka shingoni, na mtazamaji hana nafasi ya kurudi nyuma kusoma tena. Kijana wa 1924 aliyekuwa akijitazama kwenye kioo aliingia humo, na aliyetoka 1934 ndiye wa "Nilikwenda Bommel kuliona daraja". Mimi naamini ufasiri ndio uliomvua yale mapambo. Wapo watakaosema ni umri, au msiba. Wana haki yao, ila mimi nimekaa hapo.

Na Waholanzi wenyewe wameamua jambo: tuzo yao kubwa ya ufasiri, inayotolewa tangu 1955, inaitwa Tuzo ya Martinus Nijhoff. Mshairi mkubwa, na jina lake wamelitundika juu ya wafasiri. Sisi Mwalimu Nyerere tunamkumbuka kwa mambo elfu, *Juliasi Kaizari* yake tunaitaja kama burudani ya rais siku za mapumziko.

Kibaraza cha Jioni (#22)

Hapo kwa Mwalimu umenipiga na kitu kizito. Naomba shairi lingine moja, fupi, nikalale.

Abiria wa Behewa la Nne (#23)

Mawili, ya kulalia.

La kwanza: mtu amekata tamaa, anakwenda kuvua samaki. Kwa mkono anafungua tundu kwenye magugu ya maji. Chini kabisa anaona bustani, na mtoto anayeandika. Mtoto anaandika, bila haraka wala haya, yote ambayo mshairi anaota kuyaandika maishani mwake. Na kila mshairi akitikisa kichwa kusema "nimeelewa", mtoto anatikisa maji, yanafutika.

La pili: mume na mke wako jikoni. Siku nyingi mume ana swali analionea haya, leo anamvizia mke akiwa hana habari: unataka niandike juu ya nini? Birika linapiga mluzi, mvuke unamfunika mke. Anamimina maji kidogokidogo kwenye kahawa, harufu inasambaa, ndipo anajibu. Kuna matoleo mawili ya jibu lake. Katika moja anasema: wimbo mpya wa harusi. Katika jingine: sijui.

Dada wa Chumbageni (#24)

Na yule mke alikuwa anaishi Ufaransa. Haya, "sijui" ndiyo yangu.

Kijana wa Kongowea (#25)

Mimi harusi. Vita ilimkutaje? Wajerumani waliingia huko 1940.

Abiria wa Behewa la Nne (#26)

Alikuwa na miaka 46, na katika kila vita kuu aliwahi kuitwa jeshini. Ile ya kwanza Uholanzi haikupigana, walikaa mipakani wakingoja. Ya pili ilimalizika kwao kwa siku tano. Wakati wa kukaliwa aliandika mchezo wa Krismasi, *De ster van Bethlehem* (1941), wa kuchezwa kanisani. Alitunga mingine miwili, wa Pasaka na wa Pentekoste, yote mitatu ikatoka 1950 kwa jina *Het heilige hout*, Mti Mtakatifu.

Halafu likaja jambo ambalo lingekuwa kwenye riwaya tungesema mwandishi amelazimisha. Makanisa ya Kiprotestanti ya Uholanzi yalikuwa bado yanaimba zaburi kwa tungo za mwaka 1773. Wakaamua kuzitunga upya, na wakamfuata Nijhoff. Mtu wa "anachoimba ni zaburi" akaketi kutafsiri zaburi, yeye na washairi vijana: Willem Barnard, Ad den Besten, Jan Wit na wenzao. Akawafundisha walichokuwa hawakijui, kwamba zaburi ya kuimbwa ni lazima ikae mdomoni mwa muuza samaki.

Hakuimaliza. Mwaka 1952 alioa tena, mwigizaji Georgette Hagedoorn. Januari iliyofuata akafa ghafla, akiwa na miaka 58. Siku tano baadaye, usiku wa Januari 31, bahari ilivunja kingo za kusini-magharibi ikaua watu zaidi ya 1,800. Msiba wake ukafunikwa na maji. Vijana wakaendelea na zaburi mpaka 1967, na mwaka 1973 zikaingia kwenye kitabu cha nyimbo cha makanisa.

Wakili Asiye na Kesi (#27)

Na daraja?

Abiria wa Behewa la Nne (#28)

Lile la 1933 halipo tena. Mwaka 1996 barabara kuu ilipata daraja jipya, lenye nyaya ndefu zinazoning'inia kama vinanda, na likaitwa Martinus Nijhoffbrug. Kwa hiyo leo mtu akienda Bommel kuliona daraja, anakwenda kumwona yeye. Kwa anayetaka kusoma *Awater* bila Kiholanzi, kipo kitabu cha Kiingereza kilichotoka London 2010, tena kina tafsiri zaidi ya moja ya shairi hilohilo. Zisome zote, utaona wafasiri wanavyopishana kwenye kichochoro kimoja.

Bin Mizani (#29)

Nimekesha. Nimejaribu mishororo miwili ya mwisho ya lile la tishari kwa mizani zetu, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimetimia. Msinicheke:

*Laiti yule ni mama, apitaye na mkondo,*
*Msifu Mungu daima, akulinda kwa upendo.*

Abiria wa Behewa la Nne (#30)

Mkuu, inaimbika. Lakini "daima" umeitoa wapi? Na "upendo"? Kwake ni mkono wa Mungu, mkono kabisa, maana mwanamke kashika usukani kwa mikono yake. Mkono umeuacha wapi?

Bin Mizani (#31)

Kina kimeumeza. Nipe hadi Ijumaa.